Kabla ya Kuhamisha Sinki, Tujue Maji Machafu Yatakwenda Wapi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa chanzo cha uhai wa kila kiumbe. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Katika nyumba zetu hakuna chumba kinachotumika kwa saa nyingi na kupangwa kwa dakika chache kama jikoni. Mwenye kujenga huipima sebule kwa makini, huvipima vyumba vya kulala, kisha pembe iliyobaki ndiyo huwa jiko. Miaka inapita, watoto wanaongezeka, meko ya makaa yanayapisha meko ya gesi, na mama wa nyumba, ambaye ndiye akijuaye chumba hicho kuliko aliyekichora, hubaini kwamba sinki liko mahali pasipofaa. Ndipo linapozuka wazo la kulipanga jiko upya. Familia hukaa na fundi, ikazungumza rangi ya vigae, makabati na mahali pa friji. Mabomba hutajwa mwisho, kana kwamba ni nyuzi za kushonea tu ambazo zitafuata popote kitambaa kitakapokwenda.

Sivyo. Mabomba ndiyo yanayoamua jiko litakaaje. Na katika mabomba yenyewe, linaloamua zaidi si lile linaloleta maji safi, bali ni lile linaloyatoa maji machafu. Makala yetu ya wiki hii yamejengwa juu ya neno hilo moja: anayepanga jiko aanze na njia ya kutokea maji, kisha ndipo apange mengine.

Kwa nini Obunga?

Tunaomba wasomaji wetu wa pwani watufuate hadi ukingo wa Ziwa Victoria, katika mtaa wa Obunga, kaskazini mwa jiji la Kisumu. Tumeuchagua mtaa huo kwa sababu yale ambayo katika nyumba nyingi za Mombasa au Malindi yamefichwa chini ya sakafu, huko yako wazi, kila mpita njia anayaona. Bomba la maji safi la nyumba moja laonekana likipita kando ya mtaro wa nyumba nyingine. Maji ya vyombo ya jirani wa juu yaonekana yakiufikia mlango wa jirani wa chini. Mwenye kutaka kujua nini kinafuata baada ya kufungua tundu la sinki, Obunga humfundisha bila ya mwalimu.

Obunga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo. Wengi wao ni wapangaji katika nyumba za vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, ambamo chumba kimoja aghalabu ndicho sebule, ndicho malazi na ndicho jiko. Mtaa huo unasifika kwa akina mama wakaangao mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu kwa ajili ya kuuza ng'ambo. Kazi hiyo imelisha na kusomesha watoto wengi, na ni kazi ya heshima. Lakini ni kazi ya mafuta mengi na maji mengi, na mafuta hayo na maji hayo hayana budi kwenda mahali.

Maji ya Kisumu hupatikana kwa njia mbili kubwa: mengine huchotwa ziwani upande wa Dunga, na mengine hushuka kwa mteremko kutoka vilima vya Kajulu. Katika mitaa kama Obunga, kampuni ya maji ya jiji, KIWASCO, hutumia mtindo ulioanzia mtaa wa Nyalenda katika miaka ya 2000: huyauza maji kwa jumla kwa mwendeshaji wa mtaani, naye huyagawa kwa wateja. Mita za wateja hupangwa pamoja karibu na bomba kuu, na kutoka hapo kila mmoja huvuta bomba lake hadi nyumbani kwake. Maana yake ni kwamba kila kilicho baada ya mita ni mzigo wa mwenye nyumba: kikipasuka ni chake, kikivuja ni chake, na kikimdhuru mtu dhima ni yake.

Ama maji machafu, hayo hayana mita wala mgawaji. Mabomba ya maji taka ya jiji, ambayo huishia katika vituo vya kusafishia vya Kisat na Nyalenda, hayajaifikia kila nyumba. Wengi hutegemea vyoo vya shimo na mitaro ya wazi. Mto Kisat hupita karibu, ukamwagika katika Ghuba ya Winam. Na ghuba hiyo ndiyo ile ile ambayo jiji huchota sehemu ya maji yake ya kunywa. Basi maji ya sinki hayapotei yanapotoka machoni petu.

Maji ya namna mbili, tabia mbili

Maji safi husukumwa. Nguvu ya bomba kuu, au urefu wa tangi lililowekwa juu ya mnara, huyafanya yapande ukuta, yavuke juu ya mlango na yashuke upande wa pili. Kwa hiyo kulihamisha bomba la maji safi si kazi ngumu. Fundi hutumia mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, ya milimita 20 au 25, akayapitisha ukutani atakapo. Gharama ipo, lakini kizuizi ni kidogo.

Maji machafu hayasukumwi na chochote. Hujiendea yenyewe, na yanajua njia moja tu, nayo ni kushuka. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na fundi asiyeuheshimu msemo huo huacha nyuma yake sinki linalonuka na sakafu iliyoloa. Bomba likilala sawa, mabaki ya chakula hukaa njiani. Likiinuka hata kidogo katikati, hapo ndipo panapoziba kila mwezi.

Kanuni wanayoifuata mafundi wengi ni kwamba bomba la sinki lenye upana wa milimita 40 au 50 lishuke kiasi cha sentimita 2 hadi 2 na nusu katika kila mita moja. Na kanuni ya pili, isiyojulikana sana, ni kwamba bomba hilo lisiwe refu kupita kiasi. La milimita 40 likizidi mita 3, na la milimita 50 likizidi mita 4, maji yanayokwenda kwa kasi huweza kuyavuta pamoja nayo yale maji machache yanayokaa katika bomba lililopinda chini ya sinki, mfano wa shingo ya bata. Maji hayo machache yana kazi kubwa: ndiyo kizibo kinachoizuia harufu na wadudu wa mtaroni wasipande jikoni. Yakinyonywa, mlango unabaki wazi. Ikiwa safari ni ndefu, hapana budi kuongezwa bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa.

Tuipige hesabu pamoja

Natuchukulie mfano wa jiko lenye mita 3 kwa mita 4. Sinki liko kwenye ukuta wa nje, na chemba ya maji machafu iko mita 1 nje ya ukuta huo. Mama angependa sinki lihamie ukuta wa ndani unaokabili, ili akiosha vyombo aweze kuwaona watoto sebuleni. Ni haja njema. Lakini tazameni: umbali wa kuvuka sakafu ni mita 4, na kuifikia chemba ni mita 1 zaidi. Mita 5 kwa sentimita 2 na nusu ni sentimita 12 na nusu za kushuka. Zege la sakafu katika nyumba nyingi lina unene wa sentimita 10 tu, na bomba lenyewe lina upana wa sentimita 5. Halitafichika ndani ya zege. Itabidi sakafu ivunjwe, mtaro uchimbwe chini yake, na chemba nayo iwe na kina cha kulipokea bomba huko chini. Na bomba lenyewe limekwisha kuzidi mita 4, kwa hivyo lahitaji la kupumulia.

Sasa tutazame njia ya pili. Tundu la sinki liko juu ya sakafu kwa kiasi cha nusu mita. Bomba likipitishwa kandokando ya ukuta, ndani ya makabati, lina nafasi tele ya kushuka sentimita 10 bila ya kuigusa sakafu. Adui wa njia hii ni mlango: pakiwa na mlango katikati, njia imekatika.

Njia ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote. Sinki libaki kwenye ukuta ule ule wa nje, lisogezwe tu mita 1 au 2 kuelekea dirishani, na badala yake yahamishwe meko, kabati na friji. Mara nyingi haja ya mama hutimia kwa kuhamisha vilivyo vyepesi kuhama. Mtungi wa gesi hauhitaji mteremko, wala kabati halihitaji chemba.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kigae kimoja, watu wa nyumba wachukue futi na wapime mambo matatu: umbali kutoka sinki litakapokaa hadi chemba au mtaro, kimo cha sakafu, na kimo cha mahali maji yatakapoangukia nje. Kwa kimo, fundi hutumia pimamaji. Asipokuwa nayo yatosha mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliojazwa maji bila ya povu ndani: ncha mbili za maji hayo daima hukaa kimo kimoja, hata mpira upite nyuma ya ukuta. Ikiwa ardhi ya nje imeinuka kuliko sakafu, kama inavyotokea njia inapojazwa kifusi mwaka baada ya mwaka, basi jueni mapema kwamba sinki la upande huo halitatoa maji, hata fundi awe bingwa wa namna gani.

Mafuta ya mgongo wazi

Katika jiko la Obunga, na katika kila jiko lenye kukaanga, maadui wa bomba ni mafuta. Yanapomwagwa yakiwa ya moto huonekana mepesi kama maji. Yakipoa njiani huganda, yakashika magamba na punje za wali, na bomba la sentimita 5 likabakiwa na tundu la kidole. Maji ya moto hayaponyi. Huyayeyusha mafuta hapa na kuyagandisha mbele zaidi, mara nyingine katika bomba la pamoja, au mbele ya mlango wa jirani.

Anayehamisha mabomba ana fursa ya kuliondoa tatizo hili moja kwa moja. Kati ya sinki na chemba, nje ya nyumba, ijengwe chemba ndogo ya kunasia mafuta. Ina sehemu mbili zinazotenganishwa na ukuta mdogo usiofika chini. Maji yanapotulia, mafuta huelea juu katika sehemu ya kwanza, na maji hupita chini ya ukuta kuingia sehemu ya pili, kisha yakaendelea na safari. Mara moja kwa wiki mafuta hayo hutekwa kwa kijiko kikubwa na kutupwa pamoja na taka ngumu. Kabla ya hapo, kikaango kipanguswe kwa karatasi, na mafuta yaliyobaki yatiwe koponi. Kwenye tundu la sinki uwekwe wavu wa kuzuia magamba.

Ama udongo, nao una neno lake. Sehemu nyingi za uwanda wa Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Bomba gumu likilazwa humo bila ya kutandikiwa mchanga hukatika kwenye maungio. Na shimo la kufyonza maji, ambalo katika mchanga wetu wa pwani au katika matumbawe hufanya kazi kwa miaka, katika mfinyanzi hujaa upesi na kufurika, kwa sababu udongo huo haunywi. Fundi aliyezoea Likoni asijenge Kisumu kwa mazoea ya Likoni.

Maji mawili yasikutane

Kuna kosa linaloonekana dogo lakini madhara yake ni makubwa kuliko yote tuliyoyataja. Ili kuepuka kuchimba mara mbili, mabomba yote mawili hulazwa katika mtaro mmoja, au bomba la maji safi hupitishwa ndani ya mfereji wa maji machafu. Maji yanapokuwa na nguvu, ufa mdogo wa bomba hutoa maji nje na hapana aliyedhurika ila mwenye kulipa bili. Lakini maji yanapokatika, na sote twajua jinsi yanavyokatika, nguvu ndani ya bomba hupungua, na ule ufa uliokuwa ukitoa huanza kuvuta. Bomba likiwa limelala katika uchafu, uchafu ndio utakaovutwa. Maji yakirudi, ya mwanzo kutoka mferejini yatakuwa na kile kilichonyonywa usiku. Kipindupindu na homa ya matumbo hazihitaji mlango mpana zaidi ya huo.

Kwa hiyo, wakati wa kuhamisha, mitaro iwe miwili. Ikishindikana kabisa, bomba la maji safi lipitishwe juu, likae kwenye kidaraja cha udongo mgumu, angalau sentimita 30 juu ya lile la maji machafu, na maungio yake yasiwe juu ya maungio ya mwenzake.

Jambo hili lina upande wa afya na upande wa ibada. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Familia inayotawadha kwa mfereji ule ule wa jikoni yafaa ilifikirie hilo. Na wala maji kuwa tohara hakumaanishi kuwa ni salama tumboni: maji ya kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo yaweza kuwa meupe na matamu, na ndani yake kuna maradhi. Fakihi huhukumu kwa kinachothibiti kwake, na tabibu kwa kinachothibiti kwake. Mwenye nyumba awasikilize wote wawili.

Mfereji wa Abbas na mkondo wa Dhahhak

Hapa tunafika penye kiini cha maneno yetu. Katika mapokezi ya Imam Ahmad imepokewa kwamba nyumba ya Abbas (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), ilikuwa na mfereji wa paa uliotokezea juu ya njia aliyokuwa akipita Sayyidna Umar (R.A.). Siku ya Ijumaa Umar alitoka akiwa amevaa nguo zake za sala. Nyumbani kwa Abbas palikuwa pamechinjwa vifaranga viwili, na maji yaliyochanganyika na damu yao yakamwagika kupitia mfereji ule na kumrukia Umar. Akaamuru mfereji ung'olewe, akarejea kubadili nguo, akaja kuwasalisha watu. Kisha Abbas akamjia na kumwambia kwa kiapo kwamba mahali pale aliuweka Mtume mwenyewe. Umar, naye ni Khalifa, akamshikilia Abbas apande juu ya mgongo wake ili aurudishe pale pale ulipokuwa.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, na ni haki yao. Sisi tukiangalie kwa jicho la mwenye kuhamisha mabomba. Kwanza, maji ya jikoni yanayomwagika njiani ni dhara, na kiongozi wa umma hakusita kuliondoa. Pili, mfereji uliowekwa kwa haki hauondolewi kabla ya kuuliza ni nani aliyeuweka na kwa idhini gani. Katika mtaa wenye vyumba vilivyobanana, mambo yote mawili yanahitajika. Asiyeuliza hukata bomba la mwenziwe, na asiyejali huyamwaga ya kwake mlangoni pa mwenziwe.

Na katika Muwatta wa Imam Malik kimo kisa cha Dhahhak bin Khalifa, aliyetaka kupitisha mkondo wa maji katika shamba la Muhammad bin Maslama, naye akamkatalia. Dhahhak akamweleza kwamba mkondo huo ungemfaa mwenye shamba mwenyewe, kwani angeyatumia maji mwanzo na mwisho, wala usingemdhuru. Akakataa hata Umar alipomwomba, mpaka Umar akaapa kwamba mkondo utapita, na ukapita. Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu kiasi cha kumlazimisha mtu katika mali yake, lakini sharti lililo wazi katika kisa ni hilo: asidhurike. Maji safi yanayopita na kumnufaisha mwenye ardhi si sawa na maji machafu yanayopita na kumuudhi. Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kulipizana madhara, na juu ya msingi huo mafakihi wamejenga milango mingi ya sheria za ujirani.

Basi anayehamisha sinki kutoka ukuta wa mashariki kwenda wa magharibi huwa ameubadilisha upande wa maji yake, na pengine amembadilisha jirani anayeyapokea. Jana yalikuwa yakishukia mtaro wa njia kuu. Kesho yatashukia uchochoro ambao mama mwingine huanika nguo za watoto wake na kukaangia samaki wa biashara. Hilo si la fundi kuliamua. Ni la kubisha hodi, kutoa salamu na kuuliza: "Jirani, tunakusudia kupitisha hapa, je, mtaridhia? Na tukiweka bomba la kufunika hadi chemba, patakuwa na taabu?" Katika Obunga, ambako jirani huyo aweza kuwa si wa dini yetu, hodi hiyo ina uzito zaidi. Jirani ana haki yake kwetu hata asiposali nasi, na namna tunavyomwaga maji yetu ni sehemu ya dini yetu anayoiona kila siku.

Mpangaji, mwenye nyumba na mita

Wengi wa wasomaji wetu ni wapangaji, kama walivyo wengi wa Obunga. Mpangaji amekodi manufaa ya nyumba, hakununua kuta zake. Kuchimba ukuta au kuvunja sakafu kwahitaji idhini ya mwenye nyumba, na idhini hiyo iandikwe, ieleze ni nani atakayelipa na kilichowekwa kitakuwa cha nani mpangaji akihama. Ugomvi mwingi tunaoletewa kusuluhisha haukutokana na ubaya wa watu, ulitokana na maneno ya mdomoni yaliyokumbukwa kwa namna mbili. Naye mwenye nyumba akumbuke kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imetambua haki ya kila mtu ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na makazi yenye viwango vya kuridhisha vya usafi. Nyumba yenye sinki lisilo na njia ya kutolea maji inamtia mpangaji katika kero ambayo kodi yake haikukusudiwa kununua.

Mita haihamishwi na fundi wa mtaani. Ni ya mgawaji wa maji, na ndiye wa kuombwa. Na anayetumia nafasi ya ukarabati kujiunganishia bomba kabla ya mita ajue kwamba amechukua mali ya watu bila ya haki. Maulamaa wengi wamesema udhu wa maji ya kunyang'anya unasihi na dhambi iko palepale, na wako waliosema hausihi kabisa. Ni nani atakaye kusimama mbele ya Mola wake katikati ya kauli mbili hizo?

Mpango wa kazi

Tuyakusanye yaliyotangulia katika mpango ambao familia yaweza kuuchukua na kuutumia. Kwanza, mama na wengine wanaopika waulizwe, kwa kuwa wao ndio wanaojua mkono hufika wapi. Wazee wetu wa Lamu waliliweka jiko ghorofa ya juu ili moshi usiisumbue nyumba. Walipanga kwa kuangalia kazi inavyofanyika, nasi tufanye hivyo. Pili, itafutwe njia ya kutokea maji na ipimwe kama tulivyoeleza. Tatu, jirani aulizwe na idhini ya mwenye nyumba iandikwe. Nne, ndipo mchoro ufanywe na vifaa vinunuliwe.

Kazi inapoanza, koki kubwa ya maji ifungwe na mabomba yamwagwe. Bomba la zamani la maji safi lisiachwe likiwa refu na kuzibwa mwishoni tu, kwa kuwa maji yatakayolala humo yataoza na kuichafua nyumba nzima. Likatwe karibu na lilipochipukia. Tundu la zamani la maji machafu lizibwe kwa zege, si kwa tambara, kwani mende na panya hawasomi mchoro mpya. Bomba lisipitishwe juu ya soketi za umeme. Chini ya sinki iwekwe koki ndogo, ili mfereji ukiharibika nyumba nzima isikoseshwe maji.

Kabla ya kupiga lipu, pafanywe majaribio mawili. La kwanza: mifereji yote ifungwe, na namba za mita zisomwe wakati wa kulala na wakati wa alfajiri. Zikiwa zimesogea na hapana aliyetumia maji, kuna mvujo. La pili: sinki lizibwe na kujazwa mpaka juu, kisha liachiwe kwa mkupuo, na watu wawili watazame, mmoja maungio chini ya sinki na mwingine chemba ya nje. Kisha mabomba yapigwe picha kwa simu, na futi ionekane katika picha. Miaka kumi baadaye, atakayetaka kutundika kabati ukutani atawaombea dua.

Haya yote yaweza kuonekana mengi kwa ajili ya sinki moja. Lakini sinki hilo litaoshewa vyombo vya futari, mchele wa walima na maziwa ya mtoto mchanga, kutwa mara kadhaa, kwa miaka. Kila tone litakaloingia humo litatoka, na litamfikia mtu. Familia iliyotumia siku mbili kupima na siku moja kuzungumza na jirani imetumia muda mfupi mno. Sadaka haikomei kwenye kumpa mtu maji, kwani kumkinga mtu na maji yetu machafu nako ni wema, na kwa jirani wa Obunga, kama kwa jirani wa Kisauni, wema huo huonekana mlangoni kwake kila asubuhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za tohara na utulivu, atukinge na maradhi, na atuwezeshe kuzitekeleza haki za majirani zetu. Wabillahi tawfiq.